Mhusika mkuu wa gemu ya fantasia: awe na maisha yake au aachiwe mchezaji?

UkunguWaUporoto (Mbeya)

Salaam kwenu wanajukwaa. Sisi ni vijana watatu wa Mbeya mjini na tunaandika gemu ya fantasia, ya aina ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akasafiri katika nchi ya kubuni, akapata wenzake wa safari, akapigana, akapanda levo na kuamua mambo yanayobadili hadithi. Nchi yetu tumeichora tukiangalia milima tuliyokulia: kuna safu ya milima yenye ukungu inayofanana na Uporoto, kuna ziwa lililo ndani ya shimo la volkano na lisilo na mto unaotoka, kama Ngosi, na kuna daraja la mwamba ambalo halikujengwa na mtu, kama lile la mto Kiwira linaloitwa Daraja la Mungu. Michoro ipo, muziki umeanza, na mazungumzo ya mwanzo tumeyaandika katika Twine, programu ya bure inayomwezesha mwandishi kuunganisha vipande vya hadithi bila kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Tumekwama kwa mhusika mkuu. Mwenzetu wa kwanza anataka kijana asiye na jina wala kauli, ili mchezaji amchagulie jina, jinsia na sura, kisha aingie katika nchi ile kana kwamba ni yeye mwenyewe. Anasema kwamba mhusika akishapewa mdomo wake, mchezaji anageuka mtazamaji. Mimi ninamtaka Sekela, binti wa mvushaji wa watu mtoni, mwepesi wa hasira na mwepesi vilevile wa kusaidia, ambaye aliondoka nyumbani baada ya kugombana na kaka yake juu ya mtumbwi wa marehemu baba yao. Naamini kwamba msomaji humlilia mtu anayemjua, hakililii kivuli. Wa tatu amekuja na unabii: mtoto aliyezaliwa usiku wa kupatwa kwa mwezi ndiye atakayeliondoa giza, na wazee wamekuwa wakimsubiri kwa vizazi saba. Mimi unabii huo unanichosha hata kabla hatujauandika, lakini yeye anasema ndiyo desturi ya hadithi za namna hii na wachezaji wanautarajia.

Adui mkuu kwa sasa ni bibi kizee mchawi anayekaa ng'ambo ya ziwa. Ukungu anaoupuliza hufuta kumbukumbu za watu, kijiji kimoja baada ya kingine. Naomba maoni ya wenye uzoefu wa kucheza, wa kuandika, au wa fasihi kwa jumla. Katika desturi hizi, ipi tuifuate na ipi tuiache?

KihesaFasihi (Iringa)

Kijana wangu, hongereni kwa kazi hiyo. Ninafundisha fasihi ya Kiswahili sekondari, na gemu hizi nimezijua kwa kukaa pembeni ya wanangu wanapocheza, kwa hiyo nitajibu kutoka upande wa hadithi.

Katika fasihi simulizi tunamtofautisha fanani, anayetamba hadithi, na hadhira inayoipokea. Lakini hadhira yetu haijawahi kuwa ya kunyamaza. Mtambaji akisema "hadithi hadithi" na asijibiwe "hadithi njoo", hana pa kuanzia, na katikati ya ngano zimo nyimbo ambazo haziimbwi na yeye peke yake. Gemu ya aina yenu inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inaipa hadhira mkono ndani ya tukio lenyewe, ingawa haiifanyi kuwa fanani kamili, maana kila njia atakayoipita mchezaji mmekwisha kuiandika nyinyi. Ndiyo sababu naiona hofu ya mwenzako wa kwanza kuwa imezidi kipimo. Watoto walioitikia nyimbo katika ngano za Sungura hawakuhitaji Sungura awe mtupu ndipo washiriki. Walimjua kwa ujanja wake, na kumjua huko ndiko kulikowapandisha sauti.

Kuhusu mteule, watazameni mashujaa wa tendi zetu. Fumo Liyongo wa simulizi za pwani ana nguvu zisizo za kibinadamu, na ana siri ya kifo chake, kwamba hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Hapo anafanana kabisa na mashujaa wa gemu. Hata hivyo, kinachobaki kwa msikilizaji ni vitu vidogo. Alipofungwa gerezani, walinzi walikuwa wakimnyang'anya chakula kizuri alicholetewa, basi akamwagiza mama yake kwa wimbo, kupitia kwa kijakazi Saada, amwokee mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi walipouona mkate wa makapi waliudharau, ukamfikia, akakereza minyororo huku nje watu wakiimba na kupiga ngoma. Na alipochomwa sindano na mtoto wake mwenyewe aliyerubuniwa na maadui, alikwenda akapiga goti kisimani, mshale ukiwa upindeni, akafa hivyo hivyo, na watu wa mji wakakaa na kiu wakiogopa kuteka maji kwa kudhani kwamba yu hai. Katika matukio hayo hamna unabii wa vizazi saba. Wamo mama, kijakazi, mtoto na watu wenye kiu, na kila mmoja ana sababu yake.

Nikiwa Iringa siwezi kumwacha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa sababu vijana wengi wanaotaka kuandika mashujaa wa nyanda hizi humkimbilia yeye na kumpa mkuki unaowaka moto. Wanachokikumbuka ni ushindi wa Lugalo wa tarehe 17 Agosti 1891, ambapo kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski aliuawa. Mimi ningewaelekeza kwenye miaka iliyofuata kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, hadi kifo chake Julai 1898: karibu miaka minne ya kuwindwa, akiishi kwa kutegemea watu waliomficha na kumlisha ilhali walijua hatari yake. Gemu nzima inaweza kujengwa juu ya hali hiyo moja. Kila kijiji kinachomfungulia shujaa mlango kinalipa gharama, na mchezaji arudi baadaye aione gharama hiyo kwa macho, awakute watu wale wale, wengine wakiwa bado wanamkaribisha na wengine wakimfungia. Ila msimtumie Mkwawa kwa jina. Fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 lipo Kalenga na watu hulitazama kwa heshima. Si vyema akageuzwa kuwa mtu wa kupandishwa levo. Chukueni hali, jina mliache.

Basi kwa upande wangu, Sekela apewe maisha yake kamili, awe mhusika duara anayebadilika kadiri safari inavyokwenda, na unabii uachwe.

FundiWaMakambako (Njombe)

Shikamoo Mwalimu. Kuhusu Liyongo umenipa jambo la kufikiria. Hata hivyo, naomba nimtetee shujaa asiyesema, kwa kuwa amehukumiwa haraka.

Mimi ni mwandishi wa programu na nimezicheza gemu hizi tangu utotoni. Asili yake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambao watu huketi pamoja, mmoja akasimulia na wengine kila mtu akamsemea mhusika wake. Mezani, mhusika hana haja ya maneno yaliyoandikwa, kwa kuwa mwenye kumwigiza yupo na ana mdomo. Mchezo ulipohamia kwenye kompyuta, nafasi ya mdomo ule ikabaki wazi, na waandishi wengine wakaona ni bora ibaki hivyo. Dragon Quest, iliyotoka Japani mwaka 1986 chini ya Yuji Horii, ilimnyamazisha shujaa wake, na mamilioni ya watu wakamchukua kuwa wao. Ukimya una kazi yake: watu wote wanaomzunguka shujaa wanalazimika kusema zaidi, na mchezaji anawasikiliza badala ya kujisikiliza.

Ila gemu hiyo hiyo inatuonyesha ubaya wa chaguo la uongo. Mwishoni binti mfalme anaomba aandamane na shujaa, na mchezaji akikataa anaulizwa tena, na tena, mpaka akubali. Mchezaji akikubaini mara moja kwamba swali lako halina jibu la pili, hataliheshimu swali lolote litakalofuata, hata lile lililokugharimu usingizi kuliandika.

Sasa hesabu, maana nyinyi ni watatu. Mkimpa mchezaji maamuzi kumi, kila moja likiwa na njia mbili, na kila njia ikaenda kivyake hadi mwisho, mtahitaji miisho 1,024. Hakuna kikundi kinachoweza kazi hiyo. Kwa sababu hiyo waandishi huziacha njia zitengane kwa muda, kisha huzikutanisha mahali pamoja ambapo kila msafiri hana budi kupita, na nyinyi mahali hapo mnapo tayari, ni daraja lenu la mwamba. Jambo la kulinda ni hili: njia zikutane, lakini kumbukumbu zisikutane. Katika programu mnaweka vigeu, yaani alama ndogo zinazohifadhi kilichotokea. Alimlipa mvushaji au alimkimbia, aligawana chakula na mgonjwa au alikula peke yake. Darajani tukio ni lile lile na mlinzi ni yule yule, ila anachomwambia mchezaji kinategemea alama hizo. Mistari minne ya mazungumzo iliyoandikwa kwa namna hiyo inamfanya mchezaji aamini kwamba nchi nzima inamtazama. Undertale ya mwaka 2015, iliyotungwa na Toby Fox, ilifika mbali kiasi kwamba mchezaji akimuua mtu, akajuta, akarudi mahali aliposevu ili arekebishe, yupo mhusika anayemwambia waziwazi kwamba anajua alichokifanya mara ya kwanza. Kwa gemu inayohusu ukungu unaofuta kumbukumbu, nadhani mnaona faida yake.

Unabii nao usitupwe moja kwa moja. Katika Morrowind ya mwaka 2002, mchezaji anawasili kwa meli akiwa mfungwa, hana hata jina mpaka aulizwe, na baadaye anaambiwa huenda yeye ndiye shujaa wa kale aliyezaliwa upya. Kisha anaingia katika pango moja na kukuta roho za watu waliotangulia kudhaniwa wateule, ambao walijaribu, wakashindwa, wakafa. Kuanzia hapo unabii unakuwa mlolongo wa masharti ambao wengine waliufuata kabla yake, na mchezaji hana uhakika kama ni mteule au ni mtu aliyeyatimiza masharti tu. Mwenzenu wa tatu akiupenda unabii kiasi hicho, auandike ukiwa na shaka ndani yake na makaburi nyuma yake.

BintiWaMasoko (Tukuyu)

Mmemjadili shujaa vizuri, lakini adui hakuna aliyemgusa, kwa hiyo nitaanza naye. Naomba mumwondoe bibi kizee huyo katika nafasi aliyopewa. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na tuhuma zenyewe mara nyingi hazikuwa na zaidi ya macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote. Najua kwamba bibi mchawi ni desturi ya zamani katika ngano za Ulaya na katika ngano zetu pia. Lakini ngano inasikilizwa, na gemu inamkabidhi mchezaji rungu. Kijana wa miaka kumi na minne atakayempiga bibi huyo mpaka afe, akashangiliwa kwa muziki na kulipwa dhahabu, atakuwa amelifanya tendo hilo kwa vidole vyake, na atalirudia kila atakaposhindwa mpaka alimudu. Siwezi kulichukulia hilo kama jambo la mapambo tu.

Adui mwenye nguvu katika gemu hizi ni yule anayeamini kwamba anaokoa. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009 yuko jenerali Loghain, anayemwacha mfalme wake afe vitani, na anafanya hivyo akiwa na hakika kwamba ndiyo njia ya kuilinda nchi. Baadaye mchezaji anaweza kumsamehe na kumwingiza katika kundi lake. Akifanya hivyo, Alistair, ambaye amekuwa naye karibu tangu mwanzo, anaondoka kwa hasira. Msamaha huo unamgharimu mchezaji rafiki. Nilikaa muda mrefu mbele ya chaguo hilo, na hakuna levo wala silaha ambayo ingenisaidia kuchagua.

Kwa hiyo nashauri hivi: ukungu usipulizwe na mtu mbaya, uwe umeombwa. Kijiji kilitenda jambo ambalo hakikuweza kuishi nalo, pengine kilimfukuza mtu asiye na hatia wakati wa njaa, na kiongozi wao, mtu mpole anayependwa, akatafuta namna ya kuwapumzisha watu wake na kumbukumbu hiyo. Ukungu ukafuta walichotaka kukisahau, kisha haukukoma hapo. Bibi wa ng'ambo ya ziwa ndiye pekee aliyekataa kusahau, na ndiyo maana wanamwogopa. Mchezaji ataambiwa tangu mwanzo kwamba yeye ndiye mchawi, na atakwenda kwake akiwa ameshika silaha.

Kuhusu wenzake wa safari, Mwalimu amemtaja Saada na mimi namshukuru, kwa sababu wahusika wa namna yake ndio wanaoibeba gemu nzuri. Final Fantasy VI ya mwaka 1994 ina wahusika 14 wa kuchezwa, na katikati ya hadithi adui, Kefka, anashinda kweli na dunia inaharibika. Baada ya hapo mchezaji anamkuta Celes, mmoja wa wahusika hao, katika kisiwa kidogo pamoja na mzee Cid aliye mgonjwa, na kazi yake ni kumvulia samaki. Samaki wanaokwenda kasi ni wazima, wanaojikokota wanamdhuru. Mzee anaweza kupona au kufa kulingana na samaki uliowachagua, nawe huenda usitambue mpaka umechelewa. Jukumu hilo linamwambia mchezaji habari za mapenzi na uchovu wa Celes kuliko hotuba yoyote ambayo angepewa. Karibu na kwetu, Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion mwaka 2016, ambamo Enzo, mwana wa mfalme aliyepinduliwa, anasafiri na mkewe Erine; nilipenda kuona shujaa ambaye tayari ameoa, kwa kuwa desturi ya kumfanya mwanamke kuwa zawadi ya mwisho wa safari nimeichoka.

Nimalizie na Sekela. Mnabishana kati ya mtu mtupu na mtu kamili, na najua kwamba mtu fulani atawashauri apoteze kumbukumbu ili awe vyote viwili. Desturi hiyo imetumika mno. Planescape: Torment ya mwaka 1999 iliifanya vizuri, kwa sababu mtu anayeamka chumba cha maiti bila jina anagundua polepole kwamba wenzake wameteseka kwa mikono ya yule aliyekuwa zamani, lakini kuifikia kazi ile si rahisi. Nyinyi ukungu mnao, basi ugeuzeni upande wa pili. Sekela akumbuke kila kitu, kijiji ndicho kimsahau. Arudi nyumbani kutafuta suluhu, amkute kaka yake mtoni akiwa ameshika kasia, na kaka amwulize, kama anavyomwuliza mgeni yeyote, anavuka kwa bei gani. Mwenzako wa kwanza atapata alichokitaka, maana kila mtu katika nchi ile anamwona Sekela kwa mara ya kwanza na mchezaji ndiye anayeamua ajieleze vipi. Wewe nawe utapata msichana mwenye baba, kaka na ugomvi wake.

KihesaFasihi (Iringa)

Binti yangu, umenibadilisha mawazo kuhusu yule bibi, na shauri lako juu ya kijiji kilichosahau naliunga mkono kwa moyo wote. Naongeza moja tu. Mzee wa nyanda hizi akimwona kijana asiyemfahamu, baada ya salamu atamwuliza: wewe ni mtoto wa nani? Gemu nyingi nilizowaona wanangu wakicheza huanza na orodha ndefu ya kuchagua pua, nywele na rangi ya macho. Acheni orodha hiyo. Sekela aulizwe swali la mzee, kila kijiji, na kila mara mchezaji achague cha kujibu: ataje jina la baba ambalo hakuna anayelikumbuka, ajitungie ukoo mwingine ili apate pa kulala, au anyamaze. Majibu hayo yahifadhiwe katika vigeu alivyovieleza Fundi. Msichana aliyejikana mara tano ili apate chakula hawezi kufika kwa kaka yake akiwa sawa na yule aliyelala nje kwa kulishikilia jina la baba.

Na ukungu ukiondoka, watu wasikumbuke yote kwa pamoja kana kwamba taa imewashwa. Wengine watakuwa wamekwisha kuoa, kuhama, kuzika. Hayo nayo mwandishi ayajali.

UkunguWaUporoto (Mbeya)

Nawashukuru sana, nikianza na wewe Mwalimu, shikamoo, pamoja na Dada wa Masoko na Kaka Fundi. Tulikaa sote watatu na kuyasoma majibu yenu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hatukugombana kuhusu Sekela. Kijiji kimemsahau, hilo limepita. Bibi amevuka upande wa pili wa hadithi na amekuwa mhusika ambaye kila mmoja wetu anataka kumwandikia mazungumzo. Unabii bado unabishaniwa, ila mwenzetu amekubali kuchora pango la waliotangulia kabla hajaandika mstari mwingine wa utabiri.

Hii ndiyo rasimu ya mkutano wa mtoni. Kaka tumemwita Tuntufye.

Tuntufye: Karibu, mgeni. Unavuka peke yako?

Mchezaji anachagua moja kati ya haya: "Ndiyo, peke yangu." "Tuntufye, ni mimi." "Mtumbwi huu ni wa nani?"

Akichagua la pili, Tuntufye anarudi nyuma hatua moja na kusema: "Jina langu umelipata kwa nani?" Kuanzia hapo bei ya kuvuka inapanda na hataki kumpa mgongo. Akichagua la tatu, anasema: "Wa marehemu baba. Alituachia..." Anasita, anautazama mtumbwi. "Aliniachia mimi."

Swali lililobaki ni la urefu wa mwanzo. Mchezaji akianzia mtoni baada ya ukungu, hatajua Sekela alipoteza nini. Tukimwanzisha kabla, tukamwonyesha baba, ugomvi na kuondoka, tunaogopa atachoka kabla hajashika silaha. Tufanyeje?

FundiWaMakambako (Njombe)

Hilo la "alituachia" lisiguswe tena, limekaa pazuri.

Anzeni kabla ya ukungu, lakini mchezaji afanye kazi, asitazame. Baba awe hai katika dakika hizo za mwanzo na amfundishe Sekela kuendesha mtumbwi, na mafunzo hayo yawe ndiyo maelekezo ya vitufe ambayo kila gemu hulazimika kuyatoa: kusukuma ufito, kugeuza, kufunga kamba kwenye mti. Kwa njia hiyo hampotezi muda, kwa kuwa mchezaji angefundishwa vitufe kwa vyovyote vile. Ugomvi na kaka uje mara baada ya msiba, nao uwe na chaguo moja la kweli, si matatu. Ama Sekela anaondoka na kasia la baba ama analiacha. Alama hiyo moja mtaitumia hadi mwisho. Dakika kumi na tano zinatosha kwa yote hayo, na msizidishe.

Tahadhari yangu ya mwisho ni kuhusu misheni za pembeni. Gemu nyingi hutangaza kwamba dunia inaangamia, kisha humwachia mchezaji aokote uyoga na kuwatafutia watu mbuzi waliopotea kwa muda anaoutaka, na hatari inamsubiri kwa adabu. Kwenu ukungu usisubiri. Kila anapomaliza misheni kadhaa, kijiji kimoja kipotee katika kumbukumbu, na watu wa hapo wamsalimie kama mgeni hata kama jana walikula pamoja. Asiweze kuvifikia vyote. Achague nani amwahi na nani amkose, halafu misheni ya mbuzi itakuwa na uzito wake.

Katika Twine mnaweza kuijaribu sehemu hii yote kwa maandishi matupu kabla ya kuchora chochote. Mkimaliza sura ya mtoni, hifadhini faili moja la HTML na mliweke hapa jukwaani. Linafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote ya kawaida, nami nitalipitia alama moja baada ya nyingine na kuwaandikia zipi hazisomeki.